Nitajuaje kama kinyago changu cha jiwe la sabuni cha China ni cha kale?

SWALI

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Leicester, Uingereza. Mwaka huu nimenunua vitu vitatu vya jiwe la sabuni vya Kichina kwenye minada midogo na maduka ya hisani: chombo cha maua chenye nyani na majani, cha rangi ya kutu na kijivu, mzee mwenye ndevu aliyeketi, hazidi urefu wa kidole, na muhuri wenye simba juu yake. Wauzaji wote waliniambia ni vya enzi ya Qing. Nitajuaje ukweli? Vumbi lililoingia kwenye mikunjo nilitoeje? Na mwezi ujao kuna muhuri wa manjano unaokuja mnadani, wanauita tianhuang. Niushindanie?

JIBU

Dada yangu, nakushukuru kwa kutuma picha za nyuma na za chini pia. Wengi hutuma za mbele tu, na za mbele ndizo zinazosema machache.

Nianze na lile unalolisubiri. Chombo cha nyani ni bidhaa iliyotengenezwa kuuzwa nje ya China, na kwa jinsi kilivyochongwa nakiweka kati ya mwaka 1900 na 1940. Muhuri wa simba una jiwe zuri, huenda la zamani kweli, ila uso wake umekatwa upya. Yule mzee aliyeketi, ambaye ulimlipia pesa kidogo kuliko vyote, mtoe dirishani leo hii. Ana dalili za karne ya 17 au mwanzoni mwa karne ya 18. Picha pekee hazitoshi kuapia, lakini zinatosha kukuambia umpeleke kwa mtu atakayemshika mkononi.

Jina Qing likitajwa peke yake halikusaidii. Enzi hiyo ilianza 1644 ikaisha 1912. Ndani yake yumo fundi wa mkoa wa Fujian aliyemchongea msomi kipande kimoja kwa subira, na imo karakana ya mwaka 1905 iliyotoa vyombo vya nyani kwa makreti ya kupakiwa melini. Wote ni wa Qing. Muuzaji anayekijua anachokiuza atakutajia karne, au atakutajia mfalme: Kangxi aliyetawala 1661 hadi 1722, Qianlong 1735 hadi 1796. Kwenye orodha za minada soma kwa makini pia maneno "kwa mtindo wa Qing". Maana yake ni kwamba wenye mnada wenyewe wanakiona kitu hicho kuwa cha baadaye.

Ugumu wa kazi hii uko hapa: chungu kilichochomwa kinaweza kupimwa maabara kikajulikana kilichomwa lini, lakini jiwe lililochongwa halina kipimo cha kawaida cha namna hiyo. Mwamba una mamilioni ya miaka, awe aliyeuchonga ni fundi wa Kangxi au kijana wa mwaka jana. Tena ni jiwe laini, linapokea chai, moshi na rangi ya viatu, kwa hiyo mtu akitaka kulizeesha, mchana mmoja unamtosha. Ndiyo maana rangi ya kahawia na wekundu wa kizamani visikushawishi hata kidogo. Kinachobaki cha kuaminika ni mkono wa mchongaji, hasa mahali ambapo mnunuzi hatazami.

Lakini kwanza jiwe lenyewe. Kama umewahi kushika vinyago vya Tabaka, Kisii, mkono wako tayari unajua jiwe laini lilivyo: baridi mwanzoni, linateleza kidogo, zito kuliko macho yanavyodhani. Mengi yanayouzwa kwa jina la jiwe la sabuni la China hayana talki, ambayo ndiyo madini ya jiwe la sabuni halisi. Ni pirofilaiti na dikaiti, madini magumu zaidi kidogo, na kwa ugumu huo yanashika mistari myembamba ambayo kwenye talki ingefutika mapema. Ukucha wako una ugumu wa takriban 2.5 kwenye kipimo cha Mohs. Talki ni 1, jiwe la Shoushan ni kati ya 2 na 3, na jedi halisi ni 6 na kuendelea. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kitu ni jedi, na ncha ya sindano ikiacha mkwaruzo chini ya kitako chake, hapo hapana jedi. Ukijaribu, jaribu kitakoni, mkwaruzo mfupi sana, na kamwe usikwaruze kitu ambacho hujakilipia.

Machimbo manne uyashike. Shoushan iko milimani kaskazini mwa mji wa Fuzhou, mkoa wa Fujian. Mawe yake yana rangi nyingi, na mengine yanapitisha mwanga. Qingtian iko kwenye Mto Ou, mkoa wa Zhejiang, si mbali na Wenzhou, na rangi yake ya kawaida ni kijani kinachoelekea manjano. Changhua, magharibi mwa Hangzhou, hutoa jiwe linaloitwa damu ya kuku; wekundu wake ni sinabari, madini ya zebaki. La nne ni Balin, Mongolia ya Ndani, ambako uchimbaji mkubwa ulianza miaka ya 1970. Hilo linamfaa sana mkusanyaji: ukionyeshwa muhuri wa jiwe la Balin huku ukiambiwa ni wa zama za Qianlong, rudisha pochi mkobani. Na tangu miaka ya 2010 soko limejaa jiwe la Laos linalofanana mno na la Shoushan, hata Fuzhou kwenyewe.

Jiwe la Shoushan limechongwa tangu zamani sana. Huko Fuzhou wamefukua makaburini nguruwe wadogo wa jiwe hilo, wa zama za Enzi za Kusini, kati ya mwaka 420 na 589. Lakini jiwe laini lilipata heshima yake kubwa lilipoingia kwenye mihuri. Kabla ya hapo mihuri ya China ilikuwa ya shaba, ya jedi au ya pembe, na msomi aliandika herufi akampa fundi azikate. Wang Mian, mchoraji wa karne ya 14, anatajwa miongoni mwa wa kwanza waliojikatia mihuri yao kwenye jiwe laini. Katika karne ya 16, msomi Wen Peng, akiwa mji wa Nanjing, akalifanya jiwe la Qingtian kuwa jiwe la wasomi. Tangu hapo mtu wa kalamu aliweza kushika kisu yeye mwenyewe. Ndiyo sababu muhuri mdogo mtupu, usio na simba wala ua, waweza kushinda kwa bei sanamu kubwa ya mezani: kilichomo ni mwandiko wa mtu.

Upande wa vinyago, majina mawili ya karne ya 17 utakutana nayo kila mahali, Yang Yuxuan na Zhou Bin, wote wachongaji wa Fujian. Waliacha sahihi ndogo kwenye kazi zao, na sahihi hizo zimeigwa tangu zama zao hadi leo. Ukiona jina Yuxuan mgongoni mwa kinyago, endelea kukichunguza kana kwamba jina halipo. Vipande vya Fujian vilisafiri hadi Ulaya wakati huohuo. Hans Sloane, ambaye mkusanyiko wake ndio ulioanzisha British Museum mwaka 1753, alikuwa na vinyago vya jiwe hili. Kwa hiyo kinyago cha karne ya 17 kuibukia kwenye sanduku la vikorokoro Uingereza si muujiza.

Sasa tumrudie mzee wako. Tandika kitambaa mezani, kaa karibu na dirisha ili mwanga umpige kutoka ubavuni, na uwe na kioo cha kukuza mara 10. Anza na pindo la kanzu. Kwenye picha yako ya tatu naona mistari ya mawingu iliyochorwa kwa ncha kali kando ya pindo, na ndani ya mistari miwili kuna chembe zinazong'aa. Kama ni dhahabu iliyopakwa na kubaki kwenye mifereji tu, hiyo ni kawaida ya kazi nzuri za Fujian za wakati ule. Pindo lilijazwa dhahabu na rangi, nywele zikatiwa wino mweusi, kisha miaka ya kushikwa ikafuta vilivyokuwa juu na kuviacha vilivyokuwa ndani. Mwigaji naye hupaka dhahabu, lakini mara nyingi huisugua kwa kitambaa ikabaki sawasawa kila mahali. Ya kwako imebaki chini ya goti na nyuma ya mkono wa kanzu, mahali vidole havifiki.

Halafu tazama ndevu. Mstari wa kisu cha mkono huanza kwa kina, hupungua, huishia kwa ncha, na hakuna miwili inayolingana kabisa. Kisagio cha umeme huacha mfereji wenye upana uleule mwanzo hadi mwisho, kitako chake cha duara, na ndani yake vijimawimbi vilivyopangana. Ukishaviona mara moja kwa kioo hutavisahau. Ndevu za mzee wako kwenye picha zimekatwa kwa mkono, na zinaendelea hadi ndani ya shingo, penye kivuli, ambapo mtu mwenye haraka asingejisumbua.

Mgeuze sasa. Mchongaji aliyechonga kwa ajili ya mtu wa kukaa na kinyago mkononi alijua kitapinduliwa, kwa hiyo mikunjo ya nguo huzunguka hadi chini, unyayo huonekana, na kitako kimesuguliwa. Kwa mzee wako naona nyayo mbili chini ya kanzu, zenye vidole. Hicho ndicho kilichonifanya niiangalie ile picha kwa muda mrefu. Karakana ya kuuza nje ingekata pale moja kwa moja kwa msumeno.

Uchakavu nao usomwe kwa akili. Kitu kilichoshikwa sana hulainika mahali panapochomoza: goti, bega, pua, ukingo wa kofia. Mashimo yake hubaki makali. Kikichakaa sawasawa kote, juu na ndani ya mifereji, basi kimezungushwa kwenye chombo chenye mchanga, au kimelowekwa kwenye tindikali. Na ukiona rangi ya kahawia imetuama ndani ya nyufa huku pembeni jiwe likiwa jeupe, mtu aliipaka. Kipande kilichomeguka zamani nacho kina weusi wa mikono kwenye jeraha lake. Kilichomeguka jana ni cheupe na kinaacha unga kidoleni.

Chombo cha nyani. Usikasirike na aliyekuuzia, kwani vyombo hivi huuzwa hivyo kila mahali, na wengi wanaoviuza wanaamini wanachosema. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa Qingtian walianza kubeba michongo yao hadi Ulaya na kuiuza wenyewe. Wachina wengi walioko Hispania na Italia leo asili yao ni huko Qingtian na Wenzhou, na njia iliyowafikisha ilianza na mawe haya. Mwaka 1915 michongo ya Qingtian ilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya San Francisco. Wanunuzi wa nje walipenda mapambo mengi, rangi mbili tatu kwenye jiwe moja, nyani wakipanda mizabibu, na vyombo viwili vilivyounganika. Ndivyo walivyotengenezewa.

Dalili zake kwenye chombo chako ni wazi. Mbele kumejaa majani, nyuma ni uso tupu wenye mikwaruzo ya patasi. Msingi ni jiwe lingine lililogandishwa kwa gundi. Pitisha kidole kwenye kiungo utausikia mstari. Macho ya nyani ni tundu moja la keekee, yote kipimo kimoja. Hakuna ubaya wowote hapo, ni kazi halali ya watu waliokuwa wakitafuta riziki, na kwenye minada ya Uingereza vyombo hivi huenda kwa makumi ya pauni, wakati mwingine viwili vitatu kwa pamoja. Kipende kwa kuwa kinakupendeza. Ila usiendelee kuvinunua ukidhani unakusanya vitu vya kale.

Kama kuna karatasi au mhuri wa wino chini ya vyombo vya namna hii, usome. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890, iliyoanza kutumika 1891, ilidai bidhaa zionyeshe nchi zilikotoka, kwa hiyo neno CHINA peke yake huashiria kipindi cha baada ya hapo, na MADE IN CHINA kwa kawaida ni ya kuanzia karibu na mwaka 1920 kuja huku. Utakutana pia na kidonge kidogo cha nta nyekundu kilichogongwa mhuri. Hicho ni kibali cha maafisa wa China kwamba kitu kimekaguliwa na kuruhusiwa kutoka, na wengi hukidhania kuwa cheti cha ukale. Kwa kanuni za mwaka 1960 vitu vingi vya kabla ya 1795 vilizuiwa kutoka, kwa hiyo nta hiyo inakuambia kwamba mkaguzi aliona kitu hicho ni cha baadaye. Mwaka 2007 mpaka ukasogezwa hadi 1911. Ukienda Fuzhou ukauziwa kinyago wanachokiita cha Qianlong, ama si cha Qianlong, ama huna ruhusa ya kuondoka nacho.

Vya hatari zaidi ni vile visivyo jiwe kabisa, yaani unga wa mawe uliochanganywa na rezini na kumiminwa kwenye kalibu. Hivi hupata joto haraka mkononi, na kwa kioo utaona vijitundu vya mapovu na mstari wa kalibu ubavuni. Kuna njia ya nyumbani ya kuhakikisha. Weka bakuli la maji kwenye mizani ya jikoni, irudishe sifuri, kisha ning'iniza kitu kwa uzi hadi kizame chote bila kugusa bakuli. Namba itakayotokea ni ujazo wake. Gawanya uzito wake mkavu kwa namba hiyo. Kitu chenye gramu 270 mkavu, na mizani ikaonyesha 100, kina uzani wa 2.7, na mawe tunayoyazungumzia hukaa kati ya 2.6 na 2.9. Ukipata 1.6, ni rezini. Chombo cha nyani kipime hivyo ukipenda, mradi gundi yake ni nzima. Mzee usimguse na maji, kwa sababu ya ile dhahabu na wino.

Muhuri wako wa simba nimeuweka nyuma kwa sababu una hadithi mbili. Simba amechongwa vizuri, nywele za shingoni ni za mkono, mgongo umelainika ipasavyo. Lakini kingo za chini ni kali mno, zingekata karatasi, na mwili wa muhuri ni mfupi ukilinganisha na simba aliye juu. Mihuri ndivyo inavyofanywa. Mwenyewe akifa au akiuza, mnunuzi husaga uso ulio na jina la mtu mwingine na kukata lake, na kila mara jiwe hupungua kimo. Ubavuni nimeona maandishi madogo. Hayo ndiyo ya kumtafutia msomaji, kwani wakataji wa mihuri huandika hapo jina lao, jina la waliyemkatia na mwaka.

Mwaka huo una mtego wake. Huandikwa kwa mzunguko wa miaka 60, na mzunguko ukiisha unarudi upya. Mwaka unaoitwa jiazi ulikuwa 1864, ukawa 1924, ukawa tena 1984. Anayekuuzia atachagua ule wa mbali. Wewe uliza jina la mkataji, kisha utazame aliishi lini. Wu Changshuo, kwa mfano, aliishi 1844 hadi 1927 na alikuwa rais wa kwanza wa Chama cha Mihuri cha Xiling, kilichoanzishwa Hangzhou mwaka 1904. Jiazi kwenye kazi yake inaweza kuwa 1924, wakati ile ya 1864 ingemkuta kijana wa miaka 20. Jina lake nalo huigwa kuliko mengi, kwa hiyo ulinganishe mwandiko na mihuri iliyochapishwa vitabuni. Kabla ya kumpelekea mtu, piga chapa ya muhuri kwenye karatasi nyembamba kwa wino mzito mwekundu wa mihuri, kisha upanguse uso kwa kitambaa kikavu. Msomaji wa herufi hizo anasoma chapa vizuri kuliko picha ya jiwe.

Je, uendelee? Ndiyo, na kwa moyo wote. Huu ni mlango mmoja wa sanaa ya China ambao mtu wa kipato cha kawaida bado anaweza kuupita na akashika mkononi kitu cha kweli. Ningekuomba tu ubadili njia. Acha vitu vikubwa. Weka pesa ya vyombo vitano vya nyani ununue muhuri mmoja wa msomi wa mwishoni mwa karne ya 19, wenye maandishi ya ubavuni yaliyosomwa tayari, na risiti ya mkusanyaji wa kabla yako. Risiti, karatasi ya mnada wa zamani, lebo iliyobanduka nusu, vyote vihifadhi pamoja na kitu chake wala usivitupe hata vikiwa vichafu, kwa sababu katika jiwe lisilopimika maabara karatasi hizo ndizo zinazoshikilia historia. Kabla ya kununua tena, panda treni uende London, makumbusho ya British Museum na Victoria and Albert (V&A), ukatazame macho na vidole vya vinyago vya karne ya 17. Uliza pia kama kuna siku ya wataalamu kutazama vitu vya watu. Wao hawataji bei, lakini mzee wako nataka wamwone.

Angalizo la kisheria moja kwa wewe uliye Uingereza: kuna vinyago vya jiwe vyenye uso au mikono ya pembe ya ndovu. Tangu Juni 2022, Sheria ya Pembe ya mwaka 2018 imezuia kuuza karibu vitu vyote vyenye pembe hiyo, isipokuwa kwa vibali maalumu. Ukikiona, kiache.

Vumbi. Tumia brashi laini ya rangi ya maji, kavu, ukiufagia mkunjo kuelekea nje, na kipulizio cha mkono cha kamera. Basi. Sabuni na maji ya moto vitaondoa nta, kwani michongo mingi, hasa ya Qingtian, hupashwa moto na kupakwa nta mwishoni, na nta ikitoka jiwe linakuwa na mabaka meupe. Najua kishawishi cha watu wa pwani ni kupaka mafuta ya nazi. Usipake, huvunda, hunasa vumbi na kulifanya jiwe jeupe kuwa la manjano. Wakusanyaji wa Fuzhou wana mafuta yao ya mbegu za michai wanayotumia kwa aina chache za Shoushan, lakini hata wao huogopa kuyapaka kwenye kitu chenye rangi ya kale. Usiguse kwa msasa kamwe. Mbali na kuua sura ya kitu, unga wa mawe haya haufai kuvutwa puani. Na dirisha uliache kwa maua, kwa sababu jua hukausha jiwe likapasuka, na lile la damu ya kuku hugeuka jeusi.

Imebaki ile ya manjano. Tianhuang ni jiwe la manjano linalookotwa likiwa limejitenga ndani ya udongo wa mashamba ya mpunga kandokando ya kijito cha Shoushan, eneo la kilomita chache tu, ambalo limefukuliwa na kufukuliwa tena kwa karne nyingi. Lilishauzwa kwa bei ya kushinda dhahabu kwa uzito, na leo bado. Mfalme Qianlong alikuwa na mihuri mitatu iliyounganishwa kwa mnyororo, yote ikiwa imechongwa kutoka jiwe moja la tianhuang. Puyi, mfalme wa mwisho, alikaa nayo hadi alipoikabidhi serikali miaka ya 1950, na sasa iko Jumba la Makumbusho la Kifalme, Beijing. Mawe yenye sifa hiyo hayaingii mnada mdogo wa mkoani Uingereza bila mtu kuyajua kabla.

Linaloingia ni jiwe la manjano la Changhua, la Indonesia, la Laos, au la kawaida lililochemshwa na rangi. Tianhuang halisi huwa na mabaki ya ganda, na ndani yake, ukiliweka mbele ya taa, mishipa midogo inayoonekana kama ndani ya figili iliyomenywa. Wenye kuiga wameshajifunza kuchora mishipa hiyo, ila yao huwa imenyooka na iko juujuu tu. Rangi iliyochemshwa nayo hukolea kwenye nyufa na kufifia katikati.

Waandikie wenye mnada leo. Waombe picha ya kitako, picha muhuri ukiwa mbele ya taa, uzito kwa gramu, maelezo ya hali yake na ulikotoka. Waulize pia kwa maandishi kama wao wenyewe wanasimama na jina tianhuang, na kama wanarudisha pesa ikithibitika si lenyewe. Wakijibu kwamba ndivyo mwenye mali alivyowaambia, mnada huo unauza muhuri wa manjano. Hapo ushindanie kama muhuri wa jiwe la manjano, kwa kiasi ambacho ungelipa kwa kuchonga kwake na maandishi yake tu. Bei ikipanda juu ya hapo, shusha mkono.